Muhtasari wa Duara Namba Nne

Mtendaji wetu wa kata, Joakim, aliniletea fomu siku ya Jumatatu nikiwa naanika mahindi uani. Juu imeandikwa WASIFU WA MJI MDOGO, na chini yake visanduku: Historia Fupi, Vivutio, Fursa, Changamoto. Historia ilipewa mistari kumi na miwili. Nilihesabu mara mbili, nikidhani macho yananidanganya. Vivutio vya utalii vilipewa ukurasa mzima. Vivutio, hapa Mwamahona. Labda watalii waje kutazama mbuzi wanavyolala ndani ya iliyokuwa gesti yenye feni.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema. "Halmashauri wanatengeneza kitabu cha uwekezaji. Kila kata inaandika ya kwake. Kila ninayemuuliza ananiambia nenda kwa Mwalimu Esteria, ndiye aliyekuwepo tangu mwanzo."

"Marahaba. Unaitaka lini?"

"Alhamisi, mama. Jumatatu ijayo mwekezaji anaingiza mitambo."

Kijana mwenyewe si mbaya. Alipangiwa kituo hapa akitokea mbali, hana hata miaka miwili, na salamu za Kisukuma anazitamka kama anatafuna mfupa. Mimi nimefundisha shule ya msingi hapa miaka thelathini na mmoja, tangu pakiwa kijiji tu cha wafugaji. Nusu ya watu wa mji huu walishika penseli mara ya kwanza mbele yangu. Kwa hiyo nilifurahi, sitaki kuficha. Mstaafu akiulizwa jambo anajiona bado yupo. Nikaiweka fomu pembeni, nikachukua daftari la mistari, nikaandika kurasa tano.

Niliandika kwamba mwaka 1994, wakati wa kiangazi kibaya, mchungaji mmoja wa Lingeka aitwaye Mahona alifika hapa na ng'ombe waliokonda, akachimba kwenye mchanga wa mto mkavu kutafuta maji ya kunyweshea. Maji hakuyapata. Alipata jiwe lenye mshipa wa njano. Alilificha mwezi mzima, halafu akaenda nalo Malampaka, akasubiri treni, na wakati wa kusubiri akanywa mbili tatu akalionyesha. Treni ilipofika hakuwa na haja ya kupanda tena, maana nusu ya abiria walishuka wakamfuata. Kufikia mwezi wa kumi kulikuwa na watu elfu mbili wamelala chini ya maturubai. Mji ukaitwa Mwamahona, yaani kwa kina Mahona. Mahona mwenyewe alikufa akichunga ng'ombe wa watu.

Niliandika jinsi watu walivyokuja kutoka Mwandoya wameacha pamba haijavunwa, na akina mama wa Lamadi walivyofika na dagaa na sato wa kukaanga, wakajenga mabanda, wakaolewa, wakabaki. Tulikuwa na mabanda matatu ya video. Magari matatu ya Mwanza yaliondoka kila asubuhi. Kanisa Katoliki lilipata mabati na Waprotestanti wakapata vipaza sauti, wakashindana. Shule yangu iliongezeka kutoka watoto mia mbili hadi mia tisa, walimu tukiwa watano, na vyumba vinne, kimoja hakina paa.

Mwaka 1999 akaja Bosi Salvatory na leseni, jenereta, winchi, na makarasha ya kusaga mawe. Maduara yote, yaani mashimo ya kuchimbia, yakawa yake. Wenyeji waliokuwa wanachimba wakawa vibarua kwenye mashimo waliyoyachimba wao. Mto ukanuka zebaki. Ng'ombe waliokunywa pale walitupa mimba. Miaka kumi alichukua dhahabu hapa, na hakutuachia kisima, wala zahanati, wala chumba kimoja cha darasa. Dhahabu ilipita kwetu kama gari la mgeni: sisi tuliona vumbi. Leo tuna maduka manne, wakala mmoja wa kutuma hela, ghala la chama cha msingi cha pamba, na mashimo. Idadi ya mashimo wanaijua mbuzi.

Halafu nikaandika kuhusu Duara Namba Nne.

Kwa wasiojua kazi ile: mchimbaji hakushuka na viatu. Ngazi zilikuwa za magogo, zinateleza, kwa hiyo kila mtu aliacha katambuga zake mdomoni mwa duara, zile za matairi, zimepangwa jozi jozi. Zamu ikiisha nyapara alitazama katambuga. Jozi iliyobaki ina mwenyewe chini. Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, mwaka 2009, baada ya mvua ya siku tatu mfululizo, saa nne asubuhi udongo wa Namba Nne ulishuka. Mdomoni zilibaki jozi tisa.

Wachimbaji wa maduara mengine walikuja na sululu na kamba za ng'ombe. Walichimba siku mbili bila kulala. Ijumaa jioni walisikia mtu akigonga mwamba huko chini. Gonga, nyamaza, gonga. Jumamosi asubuhi Bosi Salvatory akasema basi, kuta za maduara mengine zitafuata, na wakaguzi wakisikia watafunga mgodi. Akaamuru greda lisukume udongo juu. Walinzi wake wakakusanya zile katambuga wakazitia kwenye mfuko wa saruji. Hadi leo nikikumbuka lile greda meno yanauma. Mtu anagonga, na juu yake wanashindilia.

Nikaandika majina yote tisa. Wanne niliwafundisha mimi. Wa mwisho kwenye orodha yangu alikuwa Luhende, mume wa Lukresia, jirani yangu wa nyumba ya tatu. Alikuwa na miaka ishirini na tisa na mtoto wa miezi mitano. Nikamaliza kwa sentensi moja: kampuni ilificha vifo hivi. Nikampelekea Joakim daftari Alhamisi, nikarudi nyumbani nimenyanyua kichwa.

Ijumaa akaja na karatasi mbili zilizochapwa vizuri. Mahona alikuwepo, ila sasa ni "mfugaji mbunifu". Makanisa yalikuwepo. Zebaki haikuwepo. Na mwishoni: "Mwaka 2009 shughuli za uchimbaji zilisitishwa kutokana na sababu za kiufundi."

"Sababu za kiufundi," nikasema.

"Mama, tumefupisha."

"Umefupisha watu tisa, Joakim. Umewafupisha mpaka wameisha."

Alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, na hapo nikajua ana jambo. Akanieleza taratibu, kama mtu anayetibu kidonda cha mtoto. Mwekezaji mpya hataki kuchimba. Anataka marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa ambao umelundikana kama vilima, maana siku hizi wana dawa ya kutoa dhahabu iliyobaki humo. Ili ajenge matangi yake atasawazisha eneo lote la maduara kwa katapila, kuanzia Jumatatu. Fomu ya tathmini ya ardhi ina kisanduku kinachouliza kuhusu makaburi. Kimejazwa: Hakuna.

"Sheria ya makaburi naijua," nikasema. "Pakiwa na maiti lazima mtangaze, ndugu waitwe, watolewe na kuzikwa kwa heshima. Ndiyo maana mmeandika hakuna."

"Sijaandika mimi. Na sijakataa uliyosema. Nilikwenda kutafuta ushahidi kwenye mafaili ya kijiji ili nikusaidie, niamini. Nikapata hii."

Akanipa karatasi. Ilikuwa nakala ya muhtasari wa mkutano wa kijiji, Machi 2009. "Ajenda Na. 3: Wachimbaji wasioonekana. Mkutano umejiridhisha kuwa wachimbaji tisa wa Duara Na. 4 walitoka salama na wamefuata rashi Geita. Hakuna mtu aliyebaki chini." Chini yake sahihi mbili. Mwenyekiti wa kijiji: Zengo. Katibu wa muda: Esteria.

Herufi zimelala kulia, "g" ina mkia uliojikunja. Mwandiko huo niliufundisha kwa miaka thelathini na mmoja. Joakim aliangalia pembeni. Afadhali angenitazama.

Nisije nikasema nilisahau. Sikusahau siku hata moja. Nilipoandika kwamba kampuni ilificha, niliijua sentensi hiyo ni nusu. Kampuni ilifukia udongo. Waliofukia kwa kalamu ni sisi. Tulikutana Jumapili baada ya misa na ibada, katika chumba cha darasa la tatu, chenye paa. Bosi Salvatory alisema wakaguzi wakija mgodi unafungwa, na mgodi ukifungwa mji unakufa, maduka, magari, shule, vyote. Akasema ataijengea shule vyumba viwili. Nani atabisha? Mzee Zengo akasema waliokufa wamekufa, tuwahurumie walio hai. Mikono ikanyanyuka. Halafu tukawa tunatafuta la kuandika, na hapo ndipo tulipopata uongo wetu, wenye akili kupita uongo wote.

Mchimbaji haagi. Kila mtu wa machimbo anajua hilo. Akisikia mahali pametoka dhahabu, huondoka alfajiri bila kumwambia hata mkewe, maana akisema, kesho yake watu mia wako nyuma yake. Rashi ikitokea, yaani watu kukimbilia dhahabu mpya, asubuhi unakuta kibanda kitupu na sufuria la maharage jikoni. Kwa hiyo watu tisa kupotea siku moja, kwa mtu wa mbali anayesoma makaratasi, ni jambo la kawaida kabisa. Mtendaji wa kijiji alikuwa hayupo. Mzee Zengo akasema Mwalimu ana mwandiko mzuri. Nikaandika. Sikushikiwa panga. Nilifikiria vyumba viwili vya darasa, nikaandika "walitoka salama", nikaweka nukta.

Vyumba havikujengwa. Mwezi wa kumi na moja mwaka huo huo Salvatory alifunga mgodi mwenyewe, akapakia jenereta, akaondoka. Na karatasi ikabaki kazini. Lukresia alipokwenda kwa padri kuomba misa ya marehemu, padri aliuliza kijijini, akaonyeshwa muhtasari: mumeo yu hai, yuko Geita. Ukweni walikataa kuweka matanga, kwa kuwa mtu aliye hai haliliwi, ni kumwitia mkosi. Mwanamume mmoja mwema alipotaka kumwoa, kanisa likasema ana mume. Na watu wa mji huu, hao hao walionyoosha mikono, baada ya miaka michache waliuamini uongo wao wenyewe. Kisimani walimtania kwamba Luhende kapata mwanamke mnene Geita. Miaka kumi na sita Lukresia ameitwa mwanamke aliyekimbiwa. Nilikuwa nikisikia utani ule, nateka maji yangu, naondoka.

Jumamosi asubuhi nilianza kwa Mzee Zengo. Nilimkuta ameketi mlangoni anachokonoa meno. Nikamwambia tuende wote tukaseme.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimia, umeamkaje mama, kana kwamba sijasema kitu. "Mwalimu, tulikubaliana wote. Sasa unataka kutuvua nguo uzeeni?"

"Jumatatu katapila litawasaga, mzee."

"Hawasikii maumivu."

"Lukresia anasikia."

"Lukresia amezoea," alisema. Kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Amezoea. Nilitembea nyumba sita na neno hilo linanichoma kama pilipili puani. Halafu nikakumbuka kwamba na mimi ndivyo nilivyojiambia miaka yote, ila kwa Kiswahili kizuri zaidi.

Lukresia alikuwa barazani anachambua pamba. Iliyo safi alitia kwenye gunia moja, yenye uchafu gunia jingine. Nilikaa chini mbele yake na kumweleza yote bila kupamba: katapila, kisanduku cha makaburi, muhtasari, na mkono ulioandika. Aliendelea kuchambua hadi nilipomaliza. Ana miaka arobaini na mbili na vidole vyake vimekakamaa kama vya bibi.

"Hiyo siku ulikuwa umekaa wapi?" akauliza.

"Darasa la tatu. Dawati la mbele."

"Upande wa dirisha?"

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa nje ya dirisha hilo," alisema. "Nina mtoto mgongoni. Tuliambiwa wake za wachimbaji wasiingie, wanaume wanajadili namna ya kuchimba. Nilikuona unaandika. Nikajiambia, angalau Mwalimu yumo, Mwalimu ataandika ukweli." Akafunga gunia la pamba safi. "Nilikuombea, mayu. Nikiwa hapo dirishani nilikuombea mkono usichoke."

Nilifungua mdomo kumwomba msamaha. Akanyanyua kiganja.

"Yaya. Hapana. Usiniombe kitu leo. Ondoka kwangu."

Niliondoka.

Saa nane mchana Joakim aliitisha mkutano wa hadhara kwenye uwanja wa ghala la pamba kumtambulisha mwakilishi wa mwekezaji. Watu walijaa, walikuwa wamesikia kuna ajira. Mwakilishi akaongea kuhusu maendeleo. Joakim akausoma wasifu wa mji kutoka kwenye karatasi iliyochapwa, mpaka kwenye sababu za kiufundi. Nikasimama.

"Mimi ni Esteria, ng'wana Mihayo, mnanijua," nikasema. "Mwaka 2009 niliandika uongo, na wengi wenu mlinyoosha mikono nikiuandika. Wale watu tisa hawakwenda Geita. Wako chini ya Namba Nne, na Jumatatu watasawazishwa kama takataka." Nikawataja majina, mmoja mmoja. Nilipofika kwa Luhende nililirudia jina mara ya pili ili lisikike.

Watu wazima walikuwa wanatazama vidole vya miguu. Mwanamume mmoja, ambaye kaka yake ni wa tatu kwenye orodha, alinisihi nikae, nisije nikafukuza ajira. Kaka yake. Nilimtazama nikajiuliza tunalishwa nini sisi watu. Mzee Zengo alikuwa mstari wa mbele, amefumba macho, anajifanya anasinzia.

Mwakilishi wa mwekezaji akamnong'oneza Joakim. Joakim akaja kunishika kiwiko, akaniongelesha kwa sauti ya chini, na kusema kweli alikuwa na huruma.

"Mama, jambo hili halimo kwenye ajenda, siwezi kuliandika. Na usirudie kulisema hadharani. Kuandika muhtasari wa uongo kwenye nyaraka za serikali ni kosa la jinai. Unaweza kushtakiwa."

"Nishtakiwe kwa kosa gani, hebu rudia."

"Kwa kuandika kwamba wako hai wakati unajua..."

"Malizia, mwanangu."

Aliachia kiwiko changu, na mimi sikuhitaji amalizie. Mimi ni mwalimu wa hesabu pia. Ili nishtakiwe kwa kudanganya kwamba wako hai, lazima kwanza mtu wa serikali aandike kwamba wamekufa. Miaka kumi na sita watu wamebisha hodi kwenye mlango wa mbele na kuambiwa hakuna maiti. Mlango wa nyuma ulikuwa mimi.

Jumapili alfajiri nilipanda bodaboda hadi Bariadi. Nilivaa gauni la kanisani. Kituo cha polisi kilikuwa na watu sita kwenye benchi, wengi wao wanawake, na askari mmoja wa makamo kaunta, amechoka na zamu. Nikampa nakala ya muhtasari.

"Nimekuja kujisalimisha," nikasema. "Huu ni mwandiko wangu na ni uongo. Watu hawa tisa walikuwa wamekwisha kufa au wanakufa nilipokuwa nauandika. Naomba nifunguliwe kesi."

Alisoma, akanitazama, akasoma tena. "Mama, una ndugu hapa mjini? Mtoto wako yeyote?"

"Sijachanganyikiwa, afande. Andika."

"Siandiki hivyo. Kesi ina mlalamikaji na mtuhumiwa. Huwezi kuwa wote wawili." Akanirudishia karatasi kwa upole. "Nenda kwanza ofisi ya kata, wakupe barua."

"Ofisi ya kata ndiyo iliyonikataa. Kesho asubuhi katapila linaanza."

"Basi niletee aliyedhulumiwa. Wewe uliyedhulumu utanilalamikia nini?"

Hapo nilikwama. Nilikuwa nimepiga hesabu zote isipokuwa hiyo. Nilisimama pale kaunta na gauni langu la kanisani, karatasi mkononi, hasira zote za wiki nzima zikiwa hazina pa kwenda. Nilitamani kumtukana askari, na askari hakuwa na kosa. Alikuwa mtu wa kwanza aliyeniuliza swali sahihi.

"Ni mimi," mtu akasema mlangoni.

Lukresia alikuwa na vumbi hadi kwenye kope. Baadaye nilisikia kwamba alikuwa amesimama nyuma ya umati kule kwenye ghala, kwamba alimwona Joakim akinishika kiwiko, na kwamba alfajiri aliponiona napanda bodaboda alitafuta ya kwake. Hakunisalimia. Alipita ubavuni mwangu hadi kaunta, akaweka mikono yote miwili juu ya mbao.

"Namlalamikia huyu mama," alisema. "Jina lake Esteria. Aliandika kwamba mume wangu yupo hai akijua amefukiwa. Amenizuia kumlilia miaka kumi na sita. Nataka aandikwe."

Askari alitutazama kwa zamu. Sidhani kama alikuwa amewahi kuona mshitaki na mshitakiwa wenye shauku sawa. Akavuta daftari kubwa.

"Jina la mumeo?"

"Luhende."

"Alifariki lini?"

Ningeweza kumjibu mimi. Lukresia alishika ukingo wa kaunta.

"Alifukiwa Alhamisi. Ijumaa jioni walimsikia anagonga, yeye au mwenzake. Jumamosi greda lilipita. Andika Jumamosi."

Askari aliinua kalamu. Akanigeukia. "Ni kweli hayo?"

"Ni kweli. Niliyajua Jumapili nilipoandika."

Akaandika muda mrefu. Aliuliza majina ya wengine wanane, nikamtajia. Aliuliza nani alitoa amri, nikamtajia Salvatory. Aliuliza nani mwingine alisaini, nikamtaja Zengo bila kuona haya. Kisha akainuka, akaenda chumba cha ndani kwa mkuu wake, tukasikia simu ikipigwa. Aliporudi alisema wapelelezi watakwenda leo hii, na eneo la Namba Nne lisiguswe na mtu, kesho wala keshokutwa, hadi serikali ijue kilichomo. Mtendaji wa kata ameshaambiwa.

"Nisomee," Lukresia akasema.

"Nini, mama?"

"Ulichoandika. Mimi sisomi vizuri. Mara ya mwisho walipoandika sikusomewa."

Askari akavuta daftari karibu na kusoma kwa sauti ya kazi, bila haraka. "Mlalamikaji ni Lukresia, mkulima, mkazi wa Mwamahona, mjane wa Luhende, ambaye ni marehemu."

"Rudia hapo."

"Mjane wa Luhende, ambaye ni marehemu."

Lukresia alifungua kilemba chake. Akakaa chini, hapo hapo sakafuni mwa kituo cha polisi, akanyoosha miguu kama mwanamke anavyokaa msibani, na akaanza kulia. Alimwita kwa jina. Alimwambia mtoto sasa ana ndevu. Alimwuliza siku ile ya Ijumaa alikuwa anagonga akimwita nani. Askari alisimama, kofia mkononi, hakumwambia mtu anyamaze.

Wanawake waliokuwa kwenye benchi hawakumjua. Mmoja alikuwa mchuuzi wa dagaa wa Lamadi aliyekuja kwa kesi ya ndoo zake zilizoibwa. Aliuliza msiba wa lini, akajibiwa kwamba mume kafariki, hakuuliza tena. Akashuka kwenye benchi, akakaa sakafuni ubavuni mwa Lukresia, akamshika mgongo. Wa pili akafuata, kisha wa tatu, maana msiba ukiukuta unakaa, hata kama ulikuwa na safari yako.

Mimi nilibaki nimesimama kaunta na kitambulisho changu mkononi, nasubiri kuchukuliwa maelezo. Nilitaka sana kukaa nao chini. Sikuwa na haki hiyo.